Unapewa Datsun 240Z, utoe gari lako na nyongeza: jinsi ya kujua kama bei ni ya haki

Swali hili huja kila mara, linabadilisha nguo tu. Leo ni Prado, kesho ni Forester, keshokutwa ni kiwanja: "Kuna mzee ana Datsun 240Z imekaa gereji. Anataka gari langu na milioni moja na nusu juu. Nikubali?" Picha huwa mbili, zote za ubavuni, rangi inang'aa. Kwa picha hizo hakuna mtu wa kukujibu. Ila unaweza kujijibu mwenyewe ukifuata hatua zilizo hapa chini.

Nimeshika 240Z kwa sababu ndilo gari la spoti la zamani ambalo watu wa huku wana kumbukumbu nalo. Lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, likashinda tena 1973 likiwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Ndiyo maana mtu akilikuta chini ya turubai huko Nakuru au Arusha, moyo unamwenda mbio na hesabu zinalala. Njia hii inafaa pia kwa MGB, Porsche 911 ya zamani, Alfa Romeo au Celica ya miaka ya 70. Utabadilisha tu sehemu za kukagua.

Kabla ya yote, shika jambo hili moja. Katika kubadilishana gari, bei mnazotajiana si bei. Yeye anaweza kukuambia gari lako analipokea kwa milioni tatu, ukafurahi, kumbe la kwake amelipandisha kwa milioni nzima ili kuifidia furaha yako. Kwa hiyo kila gari lipimwe peke yake, kwa pesa taslimu, kana kwamba hakuna kubadilishana kokote. Ukishapata namba hizo mbili, toa moja kwa nyingine. Hapo ndipo nyongeza ya haki inapoonekana.

Vitu vya kuandaa

- Tochi kali, sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa laini isikwaruze rangi, jeki, stendi mbili imara na ovaroli. Utalala chini.
- Fundi wa bodi. Watu wengi huenda na fundi wa injini peke yake, na hapo ndipo wanapoumia. Kama una pesa ya kumlipa mmoja tu, mlipe wa bodi.
- Fundi anayejua kabureta, mwenye kipimo cha kompresheni (nguvu ya kila silinda kubana hewa). Vijana wengi gereji wamekulia kwenye injini za kompyuta, hivyo uliza mapema.
- Picha ya namba ya chesisi, ya namba ya injini na ya logibuku (kwa walio Tanzania, kadi ya gari), zitumwe kwako kabla hujafunga safari. Asiyetaka kuzituma, msafara unaishia hapo.
- Siku mbili tofauti: moja ya kukagua, nyingine ya kuamua.

Siku ya kukagua, acha logibuku yako nyumbani. Huwezi kusaini kwa pupa kitu ambacho hukukibeba.

Hatua ya 1: Jua gari lako linaleta ngapi taslimu

Anza na lako, maana ndilo unalolijua na ndilo rahisi kujidanganya nalo. Usichukue bei ya matangazo, kwa sababu hiyo ni bei ya kuomba. Piga simu kwa wauzaji wa magari watatu, uwaambie mwaka, kilomita na hali halisi, kisha uulize: "Nikilileta kesho, unanipa ngapi mkononi?" Hiyo ndiyo bei ya chini. Kisha angalia matangazo ya magari kama lako na uone ni yapi yanatoweka ndani ya wiki chache na yapi yanakaa miezi. Yanayotoweka ndiyo yanayokuonyesha bei ya juu ya kweli. Lako limo kati ya hizo mbili.

Andika namba hiyo kwenye daftari na usiiguse tena hadi Hatua ya 7.

Hatua ya 2: Hakikisha ni 240Z, na ni ipi

Majina huchanganywa sana. 240Z iliingia sokoni mwishoni mwa 1969 ikiwa na injini ya L24, silinda sita kwa mstari, ujazo wa cc 2,393. Mwaka 1974 ikafuata 260Z, ambayo ilikuja pia kwa umbo refu la viti vinne, na baadaye 280Z yenye injini ya L28 ya lita 2.8. Fairlady Z nyingi za soko la Japani zilikuwa na injini ya lita 2. Yote ni magari mazuri, lakini hayana bei moja. Ya viti vinne hasa huwa chini sana ya ndugu yake wa viti viwili, na muuzaji hatakukumbusha hilo.

Soma namba ya chesisi. Imepigwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na sehemu ya abiria. Ikianza na HS30, gari lilitengenezwa likiwa na usukani wa kulia. HLS30 ni la usukani wa kushoto, yaani mara nyingi la soko la Marekani. Kukuta HLS30 lenye usukani wa kulia maana yake limegeuzwa, na hapo uulize ni nani aligeuza na lini. Kuna pia kibati ndani ya boneti chenye namba ya gari na ya injini. Namba ya injini yenyewe imepigwa kwenye bloku, upande wa plagi, karibu na plagi ya mwisho nyuma. Futa grisi kwa kitambaa chenye petroli kidogo, piga picha, linganisha.

Ukikuta L28 ndani ya 240Z usishtuke. Ni badiliko la kawaida na gari huwa na nguvu zaidi. Lakini kwa mnunuzi wa magari ya kale, gari lenye injini yake ya kuzaliwa na lisilo nayo ni vitu viwili. Akikuambia "hii ni bora kuliko ya mwanzo", mkubalie kwa upande wa kuendesha, kisha upunguze bei.

Kabureta nazo zitazame. Kiwandani zilikuwa mbili, aina ya SU, zilizotengenezwa na Hitachi. Za 1970 hadi 1972 zina kofia ya mviringo na ndizo zinazopendwa. Magari ya 1973 ya Marekani yalikuja na za kofia bapa, ambazo zilisumbua watu sana hata wengi wakazing'oa. Ukikuta kabureta tatu za Weber, sauti yake itakuteka. Uliza za mwanzo ziko wapi. Zikiwepo kwenye sanduku, zidai ziwe sehemu ya biashara.

Hatua ya 3: Karatasi kabla ya bati

Kwa Kenya, toa rekodi ya gari kutoka NTSA, mamlaka inayosajili magari, wewe mwenyewe. Usipokee nakala ambayo muuzaji anayo simuni. Angalia jina la mmiliki, namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, na kama kuna benki au sako iliyoandikishwa pamoja na mwenye gari. Kwa Tanzania kazi hiyo ni ya TRA, mamlaka ya mapato. Magari haya yamepita mikono mingi, na ni kawaida kukuta logibuku ina jina la marehemu. Hilo si tatizo la kufa, lakini mirathi ni kazi ya mwenye gari, si yako, na iishe kabla hujatoa chochote.

Kwa nini karatasi zina uzito namna hii? Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15. Kwa hiyo 240Z isiyo na usajili wa hapa si gari ambalo "utalitafutia karatasi polepole". Huenda usizipate kabisa. Gari la namna hiyo lipe bei ya spea.

Kwa walio Marekani, soma hati ya gari uone kama lina alama ya kuwahi kufutwa na kampuni ya bima. Jambo jingine la kuwafaa: majimbo mengi ya huko, ukibadilishana na muuzaji mwenye leseni, hutoza kodi ya mauzo kwenye tofauti tu. Iingize kwenye hesabu yako.

Angalizo kuhusu hadithi za Safari. Kila gari la zamani lenye taa nne mbele linasemekana "lilikimbia Safari". Gari lililoshinda 1971 linajulikana lilipo: limo kwenye hifadhi ya Nissan huko Zama, Japani. Mtu akidai la kwake ni la timu ya kiwanda, aonyeshe karatasi na picha za wakati ule zenye namba ya usajili inayofanana na logibuku. Asipoonyesha, hadithi hiyo isiongeze hata shilingi.

Hatua ya 4: Kutu. Hapa ndipo pa kutumia muda wako

Injini ya 240Z ni ngumu, inafunguka, na spea zake bado zinatengenezwa. Bati ndilo linaloua hesabu. Gari hili halina fremu ya pembeni ya kubeba mwili. Mwili wenyewe ndio fremu. Kwa hiyo kutu chini si suala la sura. Linagusa usalama wako na linagusa pesa nyingi. Gari lililoishi Mombasa, Tanga au Dar limekula chumvi ya bahari, lichunguze mara mbili ya lile la Nairobi au Nakuru.

Ukifika, usianze na bei. Salimu, kaa, sikiliza historia ya gari, maana mwenye gari la miaka 50 ana mengi ya kusema na mengi yatakufaa. Kisha omba ruhusa: "Mzee, naomba ninyanyue zulia upande wa dereva." Asiye na la kuficha atakujibu, "Nyanyua tu mwanangu, na upande ule pia uangalie."

Chini ya zulia utakuta shuka nyeusi za lami zilizobandikwa kiwandani kuzuia kelele. Usiridhike na weusi wake. Maji yanayopenya kwenye raba ya kioo cha mbele hutelemka hadi sakafuni, yakakaa kati ya lami na bati, na huko hayakauki. Juu panaonekana pazima kabisa, chini bati limegeuka unga wa kahawia. Bonyeza kwa kidole gumba, hasa pembe za mbele pale miguu inapokaa. Pakibonyea au pakilia kama unaponda biskuti, hapo kuna sakafu ya kukatwa na kuchomelewa upya.

Kisha nenda sehemu hizi kwa mpangilio huu:

1. Trei ya betri. Tindikali ya betri humwagika kidogo kidogo kwa miaka mingi. Trei yenyewe ni kibati tu. Shida ni kwamba tindikali haiishii hapo, inashuka kwenye mhimili wa chesisi ulio chini yake. Lala chini, piga tochi upande uleule wa betri.
2. Mihimili ya chini, kuanzia mbele hadi chini ya viti. Angalia kama imepondwa na jeki au imefunikwa na bati jipya lililopachikwa juu ya kutu.
3. Vizingiti vya milango na ile pembe iliyo mbele tu ya tairi la nyuma. Hapa pitisha sumaku. Bati la chuma litaivuta, fila (ile pasta ya kuziba mashimo ya bati) haitaivuta.
4. Kisima cha tairi la akiba na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma.
5. Chini ya vifuta mvua. Majani hukusanyika humo, njia za maji huziba, na maji hutafuta njia ya kuingia ndani.

Gonga kwa kifundo cha kidole unapopita. Bati zima hulia kama debe, fila hulia kama ubao.

Kuna kipimo kingine ambacho fundi wako wa bodi atakipenda. Funga mlango, tazama nafasi kati yake na mwili, kisha inua gari kwa jeki upande huo mahali panaporuhusiwa. Fungua na ufunge mlango tena. Nafasi ikibadilika, au mlango ukikataa kufunga, mwili unapinda, na vizingiti vimekwisha hata kama vimepakwa rangi leo asubuhi.

Mwambie fundi wa bodi akuandikie gharama hapohapo, kila sehemu na bei yake, bati na kazi. "Si mbaya sana" haiingii kwenye hesabu.

Hatua ya 5: Injini, gia na uendeshaji

Fika gari likiwa baridi. Gusa bloku kwa mkono kabla ya salamu kuisha. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaliwasha ili lisikuaibishe mbele yako. Likiwaka baridi, tazama moshi. Wa buluu baada ya kuachia mafuta ni oili inayopita kwenye sili za valvu au ringi. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda.

Kompresheni ipimwe hivi: plagi zote sita zitolewe, umeme wa koili ukatwe, betri iwe imejaa, na mtu akanyage kanyagio la mafuta hadi mwisho wakati starta inazungusha. Wengi husahau hilo la kanyagio na kupata namba za chini za uongo. Usibabaishwe na namba yenyewe kuliko ulinganifu. Silinda zote zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi. Moja ikianguka peke yake, weka gharama ya kufungua injini.

Barabarani, jaribu gia ya pili kutoka ya tatu, bila kulazimisha. Ikikwaruza, meno ya kulainisha yamechoka. Kishindo kimoja nyuma unapoachia klachi ni ugonjwa maarufu wa Z. Mara nyingi ni mpira wa kushikia difu (gia ya katikati ya magurudumu ya nyuma), wa bei nafuu, kwa hiyo usikubali kutishwa nao wala usiutumie kumtisha mwenye gari. Mara nyingine ni difu yenyewe au viungo vya shafti, na hapo fundi aseme. Uliza pia kama bushi za nyuma zimewahi kubadilishwa. Pini ndefu za mikono ya chini huganda ndani kwa kutu na fundi anaweza kumaliza siku nzima akipambana na moja. Aliyekwisha kuifanya kazi hiyo ana haki ya kulipwa kwa ajili yake.

Hatua ya 6: Lipe gari daraja, kisha tafuta bei zilizolipwa

Kampuni ya Hagerty ya Marekani hupanga magari ya kale kwa madaraja manne: 1 ni la maonyesho, 2 ni bora sana, 3 ni zuri la kuendesha lenye kasoro ndogo, 4 linatembea lakini linahitaji kazi. Mengi ambayo watu huyaita "safi kabisa" ni daraja la 3. Kuwa mkali kidogo unapoligawia gari daraja. Gari halitapanda daraja kwa sababu unalipenda.

Kisha tafuta mauzo yaliyokamilika. Minada ya mtandaoni kama Bring a Trailer huonyesha bei iliyofikiwa, picha mamia, na maswali ya watu waliokagua. Tafuta 240Z zenye daraja kama la hiyo unayokagua, mwaka unaokaribiana, zilizouzwa mwaka huu au uliopita. Kumbuka kwamba mnunuzi huko analipa ada ya mnada juu ya bei unayoiona.

Angalizo. Januari 2020, 240Z ya 1971 iliuzwa kwenye mnada huo kwa dola 310,000. Utatajiwa bei hiyo na kila mwenye Z duniani. Lilikuwa gari la maili chache mno, na lilipiganiwa na watu wenye pesa siku ile. Mwaka 1970 240Z mpya iliuzwa Marekani kwa dola 3,526. Namba zote mbili ni za kweli na zote mbili hazikusaidii kupanga bei ya gari lililo mbele yako.

Usiibebe pia bei ya dola moja kwa moja hadi shilingi. Marekani imejaa Z za usukani wa kushoto na maduka ya spea zake. Huku zipo chache, lakini wanunuzi nao ni wachache, na spea zinakuja kwa ndege na ushuru. Hayo mawili huvutana. Ndiyo maana neno la mwisho ni la mnunuzi wa hapa. Watafute watu wanaoshiriki Concours d'Elegance ya Nairobi, yaani maonyesho ya magari yaliyotunzwa vizuri, au waliojishughulisha na East African Safari Classic, yaani mbio za magari ya kale, uwaulize gari la hali ile wangelitolea ngapi taslimu. Tathmini ya AA Kenya, chama cha wenye magari, itakusaidia kwa bima na kama shahidi wa tatu, ila tathmini ya bima hujibu swali la kulilipa gari likipotea, si la kuliuza Jumamosi.

Hatua ya 7: Piga hesabu

Chukua mfano huu. Namba ni za kufundishia tu, weka zako.

Mzee anataka 4,500,000 kwa 240Z. Prado yako anaipokea kwa 3,000,000. Kwa hiyo anaomba nyongeza ya 1,500,000.

Ulipouliza, Prado inaleta 2,600,000 mkononi. Hapo tayari umeona amekuongezea 400,000 na umeanza kumpenda. Sasa la kwake. Z ya daraja la 3, kwa wanunuzi uliowauliza, ni 3,800,000. Fundi wa bodi ameandika sakafu mbili na kizingiti kimoja, 450,000. Breki, raba zote na tairi, 160,000. Kabureta na umeme, 90,000. Jumla 700,000. Gari kama lilivyo lina thamani ya 3,100,000.

Toa: 3,100,000 kasoro 2,600,000. Nyongeza ya haki ni 500,000.

Kwa masharti yake ungetoa Prado ya 2,600,000 na pesa 1,500,000, jumla 4,100,000, upokee kitu cha 3,100,000. Zile laki nne za fadhila zimekugharimu milioni.

Kosa linalowapata hata wajanja: kukata mara mbili. Ukianza na bei ya daraja la 3, toa gharama za kulifikisha hapo. Ukianza na bei ya daraja la 4, usizitoe tena gharama zilezile, maana bei hiyo imeshazihesabu. Anayekata mara mbili hujiona amepigwa wakati biashara ni nzuri, na hukosa gari.

Ongeza akiba ya yasiyoonekana. Kwa gari lenye kutu naongeza robo ya makadirio ya bodi, kwa sababu fundi akishakata bati moja hukuta jingine nyuma yake. Kumbuka pia kwamba Prado inauzika ndani ya wiki, Z inaweza kusubiri mnunuzi kwa miezi. Wewe unatoa kitu kilicho karibu na pesa taslimu. Hilo lina thamani, na ni haki kulitaja mezani.

Hatua ya 8: Zungumza nyongeza tu, kisha andikeni

Usibishane na bei ya 4,500,000. Mwenye gari ameishi nalo, ukilishusha bei mbele yake umemshusha yeye. Onyesha karatasi ya fundi wa bodi, onyesha bei ya Prado, kisha useme: "Mzee, gari lako nalitaka kweli. Kwa kazi hii iliyoandikwa hapa, naweza kuongeza laki tano." Nyamaza. Mwache afikiri.

Mkikubaliana, andikeni mkataba mmoja unaotaja magari yote mawili kwa namba za chesisi na injini, nyongeza, vitu vinavyoambatana na gari, na siku ya kukabidhiana. Nyongeza ipite benki. Uhamisho wa umiliki wa magari yote mawili ufanyike siku hiyohiyo, mkiwa pamoja. Anayetangulia kutoa gari linalouzika haraka hubaki akisubiri simu.

Ukikwama

*Namba ya injini hailingani na rekodi.* Simama hapo. Mwenye gari apeleke likaguliwe na rekodi irekebishwe kwa jina lake kwanza. Usikubali "tutarekebisha baada ya kuhamisha".

*Gari halijawaka kwa miaka.* Usiruhusu liwashwe kwa betri ya kuazima mbele yako. Petroli ya zamani ishushwe, plagi zitolewe, oili kidogo idondoshwe kwenye kila silinda, kisha injini izungushwe kwa mkono kwa spana kwenye boliti ya kranki. Ikizunguka, pima kompresheni. Isipozunguka, weka bei ya ovahoo nzima.

*Anakataa jeki au kipimo cha kompresheni.* Ni haki yake. Nawe una haki ya kulihesabu gari kama daraja la 4 lenye kila kasoro ambayo hukuruhusiwa kuiona. Mwambie hivyo kwa heshima.

*Harufu ya moshi ndani unapoendesha.* Kagua raba ya mlango wa nyuma na sailensa kabla ya kulaumu injini. Z hufyonza moshi wake kupitia nyuma raba zikichoka.

*Hakuna Z iliyouzwa karibuni nchini.* Tumia uwiano. Tafuta gari jingine la kale lililouzwa hapa na bei yake unaijua, tuseme MGB. Angalia kwenye minada ya nje Z na MGB za daraja moja zinapishana kwa mara ngapi, uzidishe. Kisha uulize wanunuzi wawili kama namba hiyo ina akili.

*Mmepishana kidogo na kila mtu amekaza.* Acheni pesa, angalieni vitu: kabureta za mwanzo, rimu za mwanzo, vioo, taa za akiba, kitabu cha gari. Sanduku la spea zilizokwisha kutengenezwa linaweza kuwa na thamani kuliko laki mnayobishania, na kwake linachukua nafasi tu.

*Gari lako lina mkopo.* Pata barua ya benki au sako yenye kiasi kilichobaki kabla ya kwenda kukagua, na umwambie mwenye Z siku ya kwanza. Deni litolewe kwenye thamani ya gari lako katika Hatua ya 1, na mkataba useme nani anailipa benki na lini. Bila barua hiyo, usipange hata siku ya kwenda kukagua.